Kofia ya Kichwa cha Mti

"Kitwa cha nani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa siku ya kwanza, nimeketi juu ya mkeka wa Bi Zena kule Kipini, sindano nimeishika kama anayeshika mwiba aliouchomoa mguuni. Watu wa Kipini husema kitwa pale ambapo sisi wa Garsen husema kichwa, kwa hiyo maneno niliyaelewa. Jibu ndilo sikuwa nalo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesoma falsafa, nimezoea maswali yasiyo na jibu ambayo mtu hupewa alama kwa kuyazungusha tu. Hili halikuzunguka. Lilitaka jina la mwanamume mmoja mwenye kichwa kimoja, na bila jina hilo hakuna kofia. Juzi nilirudi Kipini kwa hitima ya Mzee Shee, mume wa Bi Zena, nikaketishwa na wanawake katika chumba kile kile, chini ya dirisha lile lile dogo la mbao. Bi Zena mwenyewe alikuwa ametangulia miaka mingi. Hata hivyo, kabla sijakunja miguu vizuri, nilimsikia akiniuliza tena, na nikaona kwamba hasira yangu ya mwaka ule bado iko, imekaa tu pembeni kama mgeni aliyechelewa kukaribishwa.

Tulihamia Kipini mwaka wa mafuriko ya Elnino. Sitaeleza sana habari za kwetu; aliyekuwa Garsen wakati ule anajua, na asiyekuwapo atosheke kujua kwamba mto ulikuja mpaka kwenye meza ya kulia chakula, na kwamba baba yangu alikuwa ameshapunguzwa kazini kabla maji hayajafika. Akabaki na kaptula na mashati yake ya kaki ya ofisini, hana ofisi. Mtu mmoja akamwambia kuna mzee Kipini, fundi wa kufua kofia, anatafuta wa kumrithi kazi kwa sababu mgongo umemchoka. Nilicheka niliposikia. Sikujua kwamba kofia kufuliwa ni ufundi. Kumbe kofia ya mkono, ile nyeupe iliyodariziwa vitundu vidogo vidogo viitwavyo viua, ukiifua kama soksi inakufa. Inaoshwa kwa vidole, inatiwa wanga, halafu inavikwa juu ya kipande cha mti kilichochongwa mfano wa kichwa, wanakiita faruma, ikaukie hapo isirudi ndogo. Kila mwanamume wa heshima pale alikuwa na faruma yake. Ua wa Mzee Shee ulikuwa na safu za vichwa vya mti vilivyovaa kofia, vimeelekezwa upande wa upepo, na katikati yao baba yangu, mzee wa kanisa, amekunja suruali, anakoroga wanga.

"Mpokomo anatufulia kofia za Idi," Mzee Shee alikuwa akiwaambia wateja, meno nje. "Sasa Pasaka ikifika, sisi tumfulie nini?"

"Nifulieni dhambi," Baba alijibu, na wote wakacheka, hata yeye. Mimi sikucheka. Niliwatazama watu waliopoteza mashamba na ng'ombe na nyumba wakichekeana juu ya wanga, nikajiuliza kama utulivu wa mji ule, ambao kila mtu aliusifu, haukuwa uvivu wa kukasirika tu.

Mama na mimi tulipangiwa kwa Bi Zena, tujifunze kudarizi. Mama alifurahi tangu asubuhi ya kwanza. Alikuwa na mikono inayopenda kazi ndogo, na alipenda chumba kile: kuta nene zenye ubaridi, kitanda cha kamba chenye mito iliyopangwa mpaka juu, kasha la mbao jeusi miguuni mwa kitanda, harufu ya udi na ya samaki wa kukaanga zikigombania mlango mmoja. Saa za mchana sinia lilishuka katikati yetu, wali wa nazi na mtuzi wa samaki, ndio mchuzi kwetu, wakati mwingine mkate wa mofa na mbaazi, na mazungumzo yakaendelea na midomo imejaa. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, ng'ombe wangapi wa Waorma walikufa kwa ule ugonjwa wa baada ya mvua, maji ya visima yamekuwa na chumvi au ni ulimi wa mtu. Nilikula na kusikiliza na kuhesabu moyoni kila dakika niliyokuwa nikipoteza. Wenzangu wa chuo walikuwa Nairobi, wanabishana magazetini, wanatafuta kazi, wanazikosa, lakini wanazikosa huko. Mimi nilikuwa najifunza kutoboa tundu kwenye kitambaa na kulizungushia uzi.

Barabara ya Garsen ilipofunguka kidogo, nilimwambia Baba nataka kwenda Nairobi. Tulikuwa uani, ameshika kofia ya mtu kwa ncha za vidole kama anayeshika kifaranga.

"Ualimu uliuacha kabla muhula haujaisha," alisema bila kuinua uso. "Kwaya uliiacha. Kijana wa Mwina ulimwacha wazee wake wakiwa njiani kuja kuposa."

"Baba, nilikuwa na sababu."

"Sababu unazo. Kila kitu unakihoji, Salome, na hakuna unachokimaliza. Maliza kofia moja. Moja tu, uiweke hapa mkononi mwangu. Siku hiyo nitakupeleka mwenyewe Garsen nikupandishe basi, na ami yako nitampigia simu akupokee."

Bila neno lake ami asingenifungulia mlango, nasi sote wawili tulijua. Kwa hiyo Nairobi yangu yote ilikaa ndani ya kofia moja. Nikarudi kwa Bi Zena na moto. Nikamwambia niko tayari, nipe nguo nikate.

"Kitwa cha nani?"

"Cha yeyote, Bi Zena. Nitashona saizi ya katikati."

Wanawake wakaacha sindano. Bi Zena alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye tabia ya kugeuza sikio badala ya uso mtu anaposema naye. "Saizi," alirudia, kama anayeonja. "Kiatu kina saizi. Kiatu hukanyagwa. Kofia humkalia mtu juu ya akili yake, mwanangu. Isiyo na mwenyewe ni tambara."

"Viwandani wanashona maelfu, na watu wanavaa."

"Ndiyo maana nao wanafanana," alisema Mwanaisha, mpwa wake, rika langu, ambaye tayari alikuwa na mume na mtoto na maoni. Wakacheka. Nikaulizwa kama sina kaka. Sina. Baba? Baba alisema wazi kwamba kofia atazifua lakini hatazivaa, mchungaji asije akapata homa. Mchumba? Hapo kicheko kikawa kirefu zaidi. Kwao kofia ya kwanza ya msichana ni tangazo. Humshonea anayemtaka au aliyemposa, na mji mzima hujua kabla uzi haujaisha. Nikarudishwa kwenye vitambaa vya kujifunzia. Kiua, kiua, kiua. Miezi ikapita hivyo. Nilitoboa viua vya kutosha kuuvujisha mto wote wa Tana.

Kilichonikera zaidi ni namna alivyokagua. Ulimpa kitambaa, naye hakukitazama. Alikipitishia kidole gumba, taratibu, uso ameuelekeza mlangoni, halafu akasema, "Hiki kimelala," na Mwanaisha akakifumua kiua chenyewe bila huruma. "Anapapasa tu, hata haangalii," nilimlalamikia Mama tukirudi nyumbani. "Anakataa kazi ya mtu asiyoiona."

"Mkono wake umeshaizoea," Mama alisema. "Wewe kila mtu lazima akuonyeshe cheti."

Siku moja nilimuuliza Bi Zena mwenyewe. Nilisema, kiua kimoja kilicholala, kwenye kofia yenye viua mia kadhaa, juu ya kichwa kinachotembea, nani atakiona? Nilidhani nimemshika. Akajibu palepale, "Anayeswali nyuma yake." Nikaokota kitambaa changu nikaendelea kutoboa.

Faruma zilikuwa uani, lakini moja ilikaa ndani, dirishani, nyeusi kwa kushikwa, inang'aa kama kiti cha zamani. Niliiona kila siku, nikaichukulia kama mapambo. Adhuhuri moja wanawake walipotoka kwenda kutia udhu, Mama akiwa jikoni anapakua, nilikata uzi, nikauzungusha kwenye kile kichwa cha mti, nikapiga fundo. Sikuona ubaya wowote. Mti ni mti. Ikiwa walihitaji duara lenye fundo ndipo waniruhusu nifanye kazi, basi duara hilo hapa. Kesho yake nilimwambia Bi Zena kwamba kichwa nimekipata.

"Cha nani?"

"Komora. Yuko Nairobi. Kipimo nilikuwa nacho sandukuni."

Alinyosha mkono, nikampa uzi. Akaupitisha kati ya vidole vyake kutoka mwanzo mpaka kwenye fundo, akarudi mwanzo, akaupitisha tena. Kisha akasema, "Kitwa kikubwa hiki."

"Ni msomi," nilisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Haya. Mwanaisha, mkatie nguo."

Ndivyo Komora alivyozaliwa, na akakua haraka kuliko nilivyotaka. Jioni ile ile Mama alijua. Alitaka kujua ni wa wapi. Nikasema wa kijiji cha Hewani, kwa sababu Hewani ilikuwa juu mtoni na njia bado mbaya. Alitaka kujua ni wa mlango gani, mama yake nani, anasomea nini. Nilijibu maswali, kila jibu likazaa mengine, nikaanza kuelewa kwa nini watu waongo huwa na kumbukumbu nzuri. Baba alinisikiliza akiwa anakula, kisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo Komora wa Hewani, anavaa kofia?"

"Kofia ni nguo tu, Baba."

"Aha," alisema, akachovya ugali.

Nikafanya kazi. Siwezi kusema niliipenda, na wanaoandika kwamba ufundi uliwatuliza roho siwaamini sana. Kwanza nguo mbili nyeupe zinawekwa pamoja, zinachorwa maua kwa kalamu ya risasi. Kisha unatoboa kwa sindano nene na kuzungushia uzi wa hariri, kiua baada ya kiua, kipande cha juu cha duara peke yake, na kile kirefu cha kuzunguka kichwa peke yake. Shingo iliniuma. Macho yaliniuma. Bi Zena alipitisha gumba, akasema kimelala, Mwanaisha akafumua, nami nikamchukia kila mtu kwa zamu. Kuna nyakati nilijikuta nimefanya mstari mzima bila kufikiri chochote, na hilo nalo lilinikera, kwa kuwa sikutaka kuwa mtu anayeweza kukaa bila kufikiri. Mama alikwishamaliza kofia ya mjomba wake na kuanza nyingine. Alikuwa ananenepa. Baba alikuwa anaanza kusema "mtuzi". Mimi peke yangu nilikuwa njiani.

Mfungo ulipoingia nilizidisha kasi, na siku chache kabla ya Idi nikaunga kipande cha juu na cha pembeni, nikafunga uzi. Bi Zena aliipapasa yote, nje na ndani, akarudi juu, akashuka tena. Nilisubiri neno kimelala. Halikuja. Mwanaisha akaipeleka uani kwa Mzee Shee, ikaoshwa na kutiwa wanga kama kofia nyingine yoyote ya siku ile, akairudisha ikiwa bado na unyevunyevu. "Tulione umbo lake," alisema, akiwa na furaha ya kweli kwa ajili yangu, na kwa kuwa kilichokuwa karibu ni ile faruma ya dirishani, akaivika hapo.

Ilikaa. Ilikaa kama ganda linavyokaa kwenye yai. Mimi nilitabasamu kwa fahari, nikageuka niwaone wengine, na hakuna aliyetabasamu.

"Ee!" alisema jirani mmoja, mwanamke wa ulimi. "Kwani Komora na Mzee Shee walizaliwa kwa kitwa kimoja?"

Hakuna aliyecheka baada yake. Mama alijiziba mdomo kwa ncha ya leso. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba faruma ile haikuwa pambo. Ilikuwa ya mwenye nyumba, na mkewe ndiye aliyeilinda, kwa sababu kofia za kichwa kile alizishona yeye peke yake tangu arusi yao, mpya kila Idi. Nami, msichana asiye na mume, tena mwenye mdomo, nilikuwa nimekaa chumbani mwake miezi na miezi nikimshonea mumewe kofia ya kwanza ya mkono wangu, mbele ya macho ya mtaa.

"Nipe," Bi Zena alisema.

Mwanaisha akampa. Akaishika kwa mikono miwili, akafungua lile kasha miguuni mwa kitanda, akaitia ndani, akafunga. "Imekwisha," alisema. "Haya, nendeni mukapike. Idi haingoji."

Wengine walitoka. Mimi nilibaki nimesimama. "Bi Zena, naomba kofia yangu."

"Yako? Itakutosha wewe?"

"Nimeishona mimi."

"Kwa kitwa cha nani?"

Nilichoka kusema uongo. "Cha mti," nilisema. "Sikupima kichwa cha mtu. Nilipima faruma yako, hapo dirishani. Sikujua ni ya nani, na mumeo simtaki, na Komora hayupo. Nataka kofia nimwonyeshe Baba, basi."

Aligeuza sikio kama kawaida yake. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, "Mti hauvai kofia, mwanangu. Kofia ina mwenyewe, na mwenyewe yuko. Niwachie." Nikamwambia huo ni unyang'anyi. Nikamwambia na mengine. Alikaa kitandani akanisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja.

Nyumbani Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Alisema hawezi kupita tena njia ya kisimani. Nilimweleza Baba yote, hata Komora, kwani sasa uongo haukuwa na kazi. Nikamwomba aende amuulize Bi Zena kama sikuimaliza. Baba alivaa shati lake la kaki, akaenda. Alirudi baada ya magharibi, akaketi, akavua viatu vyote viwili kabla ya kusema.

"Bi Zena amesema hukumaliza kofia."

"Baba! Waulize wanawake wote!"

"Mimi nimemuuliza fundi. Fundi amesema kazi ni yake, wewe hukumaliza."

"Na wewe unamwamini nani?"

Alinitazama. Naukumbuka uso wake, na mpaka leo naona aibu kwamba sikuweza kuusoma, mimi niliyejidai kusoma kila kitu. "Kofia hujaiweka mkononi mwangu," alisema. "Na neno ni neno."

Niliondoka kabla ya Idi, asubuhi, juu ya trekta lililobeba magunia ya mchele mpaka Garsen, bila ruhusa yake na bila simu kwa ami. Ami hakunifungulia kwa kweli, kwa wiki kadhaa. Nililala kwa marafiki. Nairobi nilipata, na yaliyonipata huko ni habari nyingine. Wazazi walirudi Garsen mwaka uliofuata. Baba alijenga kibanda karibu na soko, akaweka faruma zake kwenye rafu, akawa fundi wa kofia anayejulikana: Waorma walimletea, wenye maduka Wasomali walimletea, na watu wa Kipini waliokwenda Malindi walishuka njiani kumwachia. Kila nilipokuja likizo, wakati tunakunywa chai, alipata nafasi ya kusema, "Ile kofia, Salome. Hukuimaliza." Wakati mwingine alisema mbele ya wageni. Nilifundisha, niliandika, nililea watoto wawili, nilimaliza mambo mengi magumu kuliko kofia, na bado neno lile lilinichoma kama siku ya kwanza. Nilidhani anazeeka na kinyongo. Siku nyingine nilimjibu vibaya. Alipuliza chai yake.

Baadaye Mama aliniambia habari za macho. Bi Zena alikuwa akipofuka. Mwaka ule tuliokaa kwake alikuwa amebaki na mwanga na kiza tu, na Mwanaisha ndiye aliyekuwa macho yake. Mumewe alikuwa hajaambiwa. Aliogopa nini, sijui kwa hakika. Pengine kuhurumiwa, pengine kofia ya Idi kushonwa na mke mwingine. Hapo niliunganisha mwenyewe: kumbe alikuwa ameujua ule uzi tangu vidole vyake vilipoupita mara ya pili, na akaniacha nishone, kwa sababu kofia ya mwaka ule alikuwa hana uwezo wa kuishona. Mama alidhani habari hiyo itanituliza. Ilinikasirisha upya. Mtu angeweza kuniomba. Ningekataa, najua, au ningeuliza kwa nini mara kumi kabla ya kukubali. Lakini kuombwa ningependa. Baba alifariki tukiwa bado tunalo jambo hilo kati yetu, kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuiondoa mezani.

Kwa hiyo juzi, hitima ilipokwisha na wanawake walipopungua, Mwanaisha, sasa bibi mwenye wajukuu, alifungua kasha lile lile akanitolea kofia. Niliijua kabla haijanifika. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi mpaka nguo imekuwa laini kama ngozi ya sikio, lakini viua vyangu vyote vilikuwa vimesimama. Nikaigeuza. Ndani, kwenye ukingo wa kuzunguka kichwa, palikuwa pameongezwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kimeshonwa kwa mishono mikubwa ya kombo, ya mtu asiyejua sindano.

"Ilimpwaya," Mwanaisha alisema. "Faruma huchongwa ikazidi kitwa kidogo, ili kofia isirudi. Wewe ulipima mti. Idi ile ilimshuka mpaka kwenye nyusi, na shangazi kasimama pale anamuuliza, imekukaa? Akasema imenikaa. Shangazi hakuwahi kupima vibaya maisha yake yote, Salome. Mzee alijua palepale kwamba si mkono wake. Hakusema mpaka tulipomzika shangazi."

"Na hiki kitambaa?"

Nilikuwa nimekwisha kukijua. Kilikuwa kipande cha kaki.

"Mzee alimpelekea baba yako, mfungo tatu ile ile, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, wazazi wako bado wako Kipini, wewe umeshaondoka. Alimwambia, aliyeishona hii alipima faruma, hakupima kitwa. Baba yako akaikamata, akaitazama sana, akaingia ndani akatoka na mkasi na shati lake. Baada ya hapo Mzee akawa anaipeleka Garsen kila mwaka kabla ya Idi, hakutaka kuifua mwenyewe. Kofia zake nyingine alilipa kama watu wote. Kwa hii baba yako hakupokea hata senti. Alisema ya kwetu hailipiwi."